Meli Iliyowachukua Wapiga Mizinga: Historia ya Khedive Ismail

Tarehe 12 Februari 1944, siku ya Jumamosi, kiasi cha saa nane na nusu mchana, meli ya mvuke iitwayo Khedive Ismail ilipigwa na topido mbili za nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, katika Bahari ya Hindi. Ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo tunakiita Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Haikuchukua zaidi ya dakika tatu kuzama. Waliookolewa walikuwa 214: wanaume 208 na wanawake sita. Waliosalia, watu 1,297, hawakuonekana tena.

Kati ya abiria hao, 996 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, maofisa wa Kiingereza wakiwa wachache na askari Waafrika wakiwa wengi. Hata kama kila mwanaume aliyeokolewa siku ile angekuwa wa kikosi hicho, bado wangekuwa wamekufa 788 wa kikosi kimoja kwa mchana mmoja. Na tunajua kwamba waliookolewa hawakuwa wote wa kikosi hicho.

Nimeichagua meli hii kwa sababu ya pengo ninaloliona katika masomo yetu ya historia. Tunapofundishwa Vita Kuu ya Pili, sisi wa Uganda kama wenzetu wa Kenya na Tanzania, tunasoma kwamba Waafrika walipelekwa Burma, kwamba walirudi wakiwa wamefumbuka macho, na kwamba baadhi yao waliingia katika harakati za kudai uhuru. Ni somo zuri, na linajibika vizuri kwenye mtihani. Lakini kati ya Mombasa na Burma kuna bahari, na bahari ile ilivukwa kwa meli. Wapo ambao hawakupata nafasi ya kufumbuliwa macho na Burma kwa kuwa hawakuifikia. Hao hawamo katika jibu la mtihani.

Meli yenyewe haikuundwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Greenock, Scotland, katika kiwanda cha Scotts, na kushushwa majini mwaka 1922. Waliokuwa wameiagiza ni kampuni ya meli ya Chile, Compañía Sud Americana de Vapores, nao waliipa jina la Aconcagua, mlima mrefu kuliko yote katika mabara mawili ya Amerika. Ilikuwa na pacha wake, Teno. Zote mbili zilikuwa za ukubwa wa tani 7,500 hivi, na kazi yao ilikuwa kuchukua abiria kati ya Valparaíso na New York kwa kupitia Mfereji wa Panama. Tuseme basi kwamba kwa miaka kumi hivi ya mwanzo Aconcagua ilikuwa meli ya watu wenye nauli: wafanyabiashara, familia zenye masanduku mengi, watu wa kula mezani kwa saa maalumu. Haikuwa meli kubwa wala ya kifahari kama zile zilizovuka Atlantiki, ila ilikuwa ya heshima yake.

Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliiangusha Chile vibaya, kwa kuwa nchi hiyo ilitegemea kuuza nje shaba na chumvi ya mbolea, na bei za vitu hivyo zilianguka pamoja. Kampuni ikashindwa kuendelea na meli hizo. Mwaka 1935 zilikwenda kwa kampuni ya Misri, Khedivial Mail Line. Teno ikaitwa Mohamed Ali El-Kebir, na Aconcagua ikaitwa Khedive Ismail.

Jina hilo linanilazimu nitoke kidogo njiani, maana mtu aliyebeba jina hilo si mgeni katika historia ya upande wetu. Khedive Ismail alitawala Misri kuanzia 1863 hadi 1879, na Mfereji wa Suez ulifunguliwa katika enzi yake, mwaka 1869. Alitaka pia kutawala chanzo cha Nile. Alimwajiri Mwingereza Samuel Baker, ambaye mwaka 1872 alisimama Masindi na kutangaza kwamba Bunyoro sasa ni mali ya Misri. Omukama Kabalega hakukubali, wakapigana, na Baker akalazimika kuondoka Masindi kwa miguu huku akishambuliwa njia nzima. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1875, Khedive huyo huyo alituma meli zake kwenye pwani ya Waswahili. Watu wake waliteka Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa chini ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, kisha wakaondoka baada ya Uingereza kumshinikiza. Kwa hiyo mtawala aliyetamani Afrika Mashariki kwa bara na kwa bahari akaikosa kote kuwili, na miaka sabini hivi baadaye meli yenye jina lake ikaja Kilindini kuwapakia vijana wa nchi hizo hizo. Sidhani kama kuna askari aliyeambiwa habari hii alipopanda ngazi. Ingewafaa angalau kucheka.

Mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliichukua Khedive Ismail kuwa meli ya kusafirisha askari. Inafaa kueleza maana ya jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza idadi ya vifo. Meli ya abiria ya wakati wa amani hupanga watu kwa vyumba. Meli ya askari hupanga watu kwa nafasi ya sakafu. Vyumba vya juu hubaki kwa maofisa na, wakiwapo, wauguzi. Ghala za chini zilizokuwa za mizigo huwekwa meza ndefu na machela za kuning'inia, na askari hula, hukaa na hulala humo humo. Meli iliyochukua mamia sasa huchukua zaidi ya elfu. Ngazi za kupandia juu, hata zikiongezwa, hazitoshi kwa watu wote kupanda kwa dakika chache. Mazoezi ya kuacha meli hufanywa kwa kudhani kwamba kutakuwa na muda: kwamba meli iliyojeruhiwa itaelea nusu saa, au robo saa, huku mashua zikishushwa moja moja.

Pacha wake ndiye aliyetangulia. Tarehe 7 Agosti 1940 Mohamed Ali El-Kebir, ikiwa na askari waliokuwa wakienda Gibraltar, ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani U-38 magharibi ya Ireland. Karibu watu mia moja walikufa, lakini zaidi ya mia saba waliokolewa, kwa kuwa meli haikuzama mara moja na manowari moja iliweza kuwaokota. Ni meli ya muundo ule ule na ya umri ule ule. Muda ndio uliofanya tofauti.

Khedive Ismail nayo ilikaribia kifo mapema. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili 1941 ilikuwa nje ya bandari ya Nafplio, Ugiriki, pamoja na meli ya Kidachi iitwayo Slamat, kuwahamisha askari wa Uingereza na washirika wake waliokuwa wamezidiwa na Wajerumani. Boti za kuwaleta askari kutoka ufukweni zilikuwa chache mno, na Khedive Ismail haikupata kupakia hata mmoja. Kiongozi wa manowari alipotoa amri ya kuondoka kabla ya mapambazuko, Khedive Ismail iliondoka ikiwa tupu. Slamat ilikawia ili iongeze watu wengine. Asubuhi ndege za Kijerumani zikaikuta ikiwa bado karibu, zikaizamisha, kisha zikazamisha na manowari mbili zilizokuja kuwaokota watu wake, Diamond na Wryneck. Walikufa karibu watu elfu moja. Ukilitazama tukio hili kwa ubaridi, meli iliyotii amri na kuwaacha watu ufukweni ilipona, na zile zilizosimama kwa ajili ya watu ziliangamia. Maofisa wa majini wa Uingereza hawakulisahau somo hilo, na nitalirudia baadaye.

Sasa tuje Mombasa. Aprili 1942 ndege za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, na kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi likakimbilia magharibi. Kilindini ikawa makao yake. Hata wavunjaji wa siri za redio za Kijapani walihamishiwa Mombasa, wakafanya kazi yao ndani ya shule ya Allidina Visram, shule yenye jina la mfanyabiashara wa Kihindi ambaye maduka yake yalifika hadi kwetu Kampala na Jinja. Katika mwaka 1943 hatari ilipungua, makao yakaanza kurudishwa Ceylon, na kwa hiyo mwanzoni mwa 1944 watu wengi walikuwa wakivuka kutoka Mombasa kwenda Colombo: mabaharia, makarani wa kike wa jeshi la majini, wauguzi, na askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakikusanywa Ceylon kwa ajili ya vita vya Burma.

Miongoni mwao walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301. Hapa nasita kidogo, kwa sababu wapiga mizinga hawa wanabadilisha picha tuliyozoea. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, lilikuwa kabla ya vita hasa jeshi la watu wenye bunduki. Askari wa Keya katika picha za zamani ni mtu wa kutembea: kofia nyekundu, miguu mitupu, bunduki begani. Mzinga ni kazi nyingine. Mzinga wa ratili 25, ambao ndio uliotumiwa na vikosi vya aina hii vya jeshi la Uingereza, hurusha kombora umbali wa kilomita kumi na zaidi, na anayeurusha kwa kawaida haoni shabaha yake. Lazima mtu apime pembe, ahesabu umbali, asome ramani, apokee taarifa kwa redio na kusahihisha kipimo. Kila mzinga una watu wake, na kila mmoja ana kazi yenye namba. Mtawala aliyekuwa akisema kwamba Mwafrika hafai kwa kazi ya hesabu na mitambo alikuwa, kwa sababu ya shida ya vita, amelazimika kumfundisha mamia kwa mamia. Kikosi cha 301 kilikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Yote yaliyotumika kuwafundisha, na yote waliyojifunza, yaliwekwa ndani ya meli moja.

Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili. Keya iliwataka maofisa wake Waingereza wajifunze Kiswahili, kwa kuwa jeshi lilichanganya vijana wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja. Huko ndiko kulikotoka, kwa sehemu kubwa, ile desturi ya watu wa Uganda kukiita Kiswahili lugha ya askari. Kwetu jina hilo si la sifa. Mwanafunzi anayesoma Kiswahili Kampala hulisikia kila mara, na nyuma yake kuna kumbukumbu za askari wa vipindi vya baadaye, waliotumia lugha hii kuamrisha watu walale chini. Siwezi kuzifuta kumbukumbu hizo, na ni za kweli. Lakini wapo pia askari waliotumia Kiswahili kuitana namba za mzinga, na kilio cha mwisho ndani ya ghala za Khedive Ismail, penye vijana wa lugha nyingi, sina shaka kwamba kwa sehemu kilikuwa katika lugha hii.

Msafara uliopewa jina KR 8 uliondoka Kilindini mapema mwezi wa Februari 1944. Meli za abiria zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Ekma, Ellenga na Varsova. Mtu wa pwani angekuambia kwamba Februari ni mwezi wa kaskazi, upepo unaoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kwa tanga huendi Ceylon wakati huo. Kwa mvuke, safari ilikuwa ya siku nane au tisa hivi.

Ndani ya Khedive Ismail, mbali na wapiga mizinga 996, walikuwamo watu 271 wa Jeshi la Majini la Uingereza, wauguzi 53 na matroni wao, wanawake 19 wa utumishi wa majini, wanawake wengine tisa wa kikosi cha huduma, na mabaharia wa meli yenyewe. Alikuwamo pia mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, Mwingereza wa vituko: mwaka 1937 aliwahi kupeleka duma kutoka Kenya hadi London ili washindane mbio katika uwanja wa mbwa. Alikuwa ameandika juu ya vita vya Ethiopia na Madagaska. Yeye naye hakupona, na hivyo mtu ambaye labda angeiandika safari hii kwa niaba ya wengine alizama pamoja nao.

Waliolinda msafara walikuwa watatu. Ya kwanza ilikuwa Hawkins, manowari kubwa iliyoundwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambayo kazi yake hasa ni kupambana na manowari nyingine juu ya maji. Zilizobaki zilikuwa mbili za kasi, Petard na Paladin, na hizo ndizo zilizoweza kuwinda nyambizi. Meli tano, maelfu ya watu, wawindaji wawili.

Nyambizi ilikuwa I-27, chini ya Toshiaki Fukumura. Kituo chake kilikuwa Penang, Malaya, na ilikuwa tayari imezamisha meli nyingi za mizigo katika Bahari ya Hindi. Mchana wa tarehe 12 abiria wa Khedive Ismail walikuwa wamekula chakula cha mchana. Baadhi walikuwa juu kwenye sitaha wakiota jua, wengine wengi walikuwa chini wakitazama burudani ya muziki. Mtu wa zamu akaona darubini ya nyambizi ikichomoza juu ya maji, akapiga ukelele. Wapiga mizinga wa meli wakaanza kuifyatulia. Wakati huo huo I-27 ikatoa topido nne, na mbili zikapiga. Tezi ya meli ikagubikwa na moto na moshi, meli ikalala upande, ikazama. Mashua hazikupata kushushwa kwa utaratibu wowote. Waliokuwa juu walirushwa au waliruka. Kwa waliokuwa chini hapakuwa na muda wa ngazi.

Meli nyingine nne za abiria zilitawanyika na kuendelea na safari kwa kasi zote. Hii ilikuwa amri ya kila msafara: asiyekuwa mlinzi hasimami. Petard na Paladin zikarudi. Paladin ikaanza kushusha boti za kuokota watu. Petard, iliyoongozwa na Rupert Egan, ikaanza kuwinda. Manowari hii haikuwa ya kubahatisha. Oktoba 1942, karibu na Port Said, watu wake waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa ikizama na kutoa vitabu vya siri vilivyosaidia kuvunja mawasiliano ya Enigma. Wawili kati yao walizama humo.

Chombo cha kuwindia nyambizi wakati ule kilikuwa bomu lenye umbo la pipa, lililotupwa baharini na kulipuka likifika kina kilichopangwa. Mlipuko wake haukuhitaji kuigusa nyambizi. Ulikuwa unaiponda kwa msukumo wa maji. Msukumo huo haukuchagua. Mtu anayeelea karibu hupasuliwa mapafu na matumbo bila jeraha kuonekana nje. Na I-27 ilikuwa chini, karibu kabisa na mahali walipokuwa wakielea watu wa Khedive Ismail, wakishikilia mbao na maboya, wakiitazama Petard ikija na kudhani imekuja kuwachukua.

Egan aliamuru mabomu yatupwe.

Baada ya awamu tatu za mabomu nyambizi ililazimika kuibuka. Paladin ikaifuata kuigonga, lakini ubawa wa nyambizi ukalichana tumbo la Paladin yenyewe na kuiachia tundu kubwa. Petard ikaipiga I-27 kwa mizinga yake bila kuivunja, kisha ikaanza kutoa topido. Sita zilikosa. Ya saba ikapata, na I-27 ikapasuka na kuzama pamoja na karibu watu mia moja waliokuwamo. Pambano lilikuwa limechukua zaidi ya saa mbili. Petard ikaivuta Paladin hadi kisiwa cha Addu, upande wa kusini wa Maldivi, pamoja na watu waliookotwa.

Waandishi wengi wa Kiingereza wanaoigusa habari hii wanakaa hapo, kwenye amri ya Egan. Alifanya haki? Jibu la kawaida ni kwamba alikuwa na meli nyingine nne zenye maelfu ya watu, na nyambizi iliyokuwa hai ingeweza kuzifuata. Mimi nalikubali jibu hilo. Slamat ilikuwa imekwisha kuonyesha bei ya kusimama. Nisingependa kuwa yeye, lakini sioni jinsi ambavyo angeamua vinginevyo.

Hata hivyo naona swali la Egan limetushika mno, kwa sababu ni swali linaloanza saa nane na nusu mchana. Lipo swali lingine linaloanza Kilindini. Nani aliamua kwamba kikosi kizima cha mizinga kisafiri ndani ya meli moja? Majeshi mengi hujua kugawa kikosi katika meli mbili au tatu ili ikizama moja kisipotee chote. Na siku ile zilikuwapo meli tano. Nani aliamua kwamba wawindaji wawili watosha? Manowari za ulinzi zilikuwa chache katika Bahari ya Hindi kwa sababu zilihitajika Atlantiki na Mediterania, bahari ambazo wakubwa wa vita waliziona kuwa muhimu zaidi. Hilo ni hesabu ya vita nzima, na kila vita ina hesabu yake. Lakini hesabu hiyo iliwaangukia watu ambao hawakuwa na kiti wala kura katika baraza lolote lililoamua. Egan alikuwa na dakika chache za kuamua. Waliopanga msafara walikuwa na siku nyingi.

Namna habari hii inavyokumbukwa nayo ina upande wake. Huko Uingereza, Khedive Ismail hukumbukwa zaidi kwa ajili ya wanawake. Walikufa wanawake 77, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote ya wanawake watumishi wa vita katika historia ya Jumuiya ya Madola. Ni haki wakumbukwe. Wengi wao walikuwa wasichana wa umri wetu sisi tunaoandika insha hizi. Lakini nimesoma maelezo ambamo wauguzi wanatajwa mmoja mmoja, kwa majina na miji waliyotoka, halafu askari wa Afrika Mashariki wanapita kwa neno moja, "wanajeshi". Ninavyoona mimi, sababu ni rahisi kuliko ubaya wa nia. Familia za wauguzi zilikuwa na barua, picha, na magazeti ya mtaani yaliyochapisha taarifa ya kifo. Mama wa mpiga mizinga, awe Machakos, Gulu au Songea, alipata habari, kama aliipata, kwa mdomo wa chifu au wa karani wa wilaya. Historia huandikwa kwa karatasi, na karatasi zilikuwa upande mmoja.

Hata mawe ya kumbukumbu yamewagawa kwa namna ya utumishi wao. Watu wa Jeshi la Majini la Uingereza waliopotelea baharini wameandikwa kwenye minara ya Plymouth, Portsmouth na Chatham. Mabaharia wa meli za biashara wa Uingereza wana ukumbusho wao Tower Hill, London. Wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wako Nairobi, ndani ya Makaburi ya Vita yaliyo barabara ya Ngong, kwenye ukumbusho uitwao East Africa Memorial. Ukumbusho huo ni wa askari wasio na kaburi linalojulikana: waliokufa katika mapigano ya kuelekea Ethiopia na Somalia ya Waitaliano, waliokufa Madagaska, na waliozama na Khedive Ismail.

Mahali hapo hapana kelele ingawa magari yanapita nje. Majina yamepangwa kwa kikosi, kisha kwa cheo, kisha kwa alfabeti. Ukifika kwenye sehemu ya East African Artillery, huhitaji kuambiwa kilichotokea. Orodha inaendelea kwenda chini, kisha inaanza tena juu ya bamba la pili. Mengi ni majina ya mtu mmoja tu, bila la baba, kama karani wa kuandikisha askari alivyolisikia na kuliandika. Mtu akienda na daftari na kuyanakili, mchana mmoja unatosha kwa bamba moja.